Jina la Leso ya Mwanaesha

Jumapili, 6 Aprili

Maonyesho ya kwanza tangu Idd, na sikuuza kitu. Tulijipanga ufukweni Mama Ngina tangu asubuhi, wachoraji, wachongaji na wauza vikapu, kila mtu na kipande chake cha ukuta. Waliosimama mbele ya picha zangu walikuwa wa namna tatu: waliotaka kupigwa picha, waliouliza choo kiko wapi, na bwana mmoja aliyeuliza bei, akaisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaenda kula mihogo.

Hii si kazi yangu ya asili. Mimi ni mwandika vibao. Maduka ya kisiwa hiki, mikahawa, vinyozi, madaktari wa meno, wote walibeba herufi zangu juu ya milango yao. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango, mkono wangu ukakosa wa kuuhitaji. Nikaanza kuchora milango na vichochoro vya Mji wa Kale kwa sababu brashi zilikuwapo na mimi nilikuwapo.

Kabla sijatoka asubuhi Mwanaesha alinikumbusha mapatano yetu. Masika haya ndiyo ya mwisho. Juni ikiisha na picha hazijatulisha, ninakwenda kusimama dukani kwa kakake, Jaffar, huko Majengo, nipime misumari na kuuza simiti. Jaffar ni mtu mwema sana. Angekuwa mbaya ningepata sababu ya kukataa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mbao mbili za kuchorea zimevimba pembeni.

Jumapili, 13 Aprili

Upepo uliichukua turubai yangu ukaipeleka hadi kwa muuza madafu. Nilipokuwa nikiikimbilia, picha zikalala kifudifudi kwenye matope. Aliyeziokota ni Kasyoka, jirani yangu wa hapo maonyeshoni. Ni Mkamba, anauza vinyago vinavyochongwa na kaka zake, na ulimi wake haujui likizo. Alizifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akazitazama moja moja.

"Mzee Sabir, nikuambie ukweli? Hizi picha ni nzuri, lakini zimenyamaza. Mlango, mlango, mlango. Mtu anataka kitu cha kumwonyesha mgeni wake wacheke."

"Mlango utachekesha vipi, mamangu?"

"Hiyo ni kazi yako. Mimi nauza twiga."

Na kweli akauza twiga, mvua ikinyesha vile vile. Mimi nimerudi na picha zangu zote, pamoja na tope.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mwanaesha alikuwa amesimama dirishani ghorofani, akingoja ipungue apate kuanika nguo. Alikuwa amenipa mgongo, leso mabegani, ile nyekundu ya michoro ya korosho aliyoivaa mpaka imelainika. Nikachukua ubao. Sura sichori, marehemu babangu hakupenda, nami nimebaki hivyo. Lakini mgongo ule naujua kuliko herufi zangu.

Leso hiyo ina habari yake. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawa. Doti hii Mwanaesha na Fadhiya waliinunua pamoja wakiwa wasichana, wakaikata, kila mmoja akachukua kipande chake. Fadhiya ni shoga yake tangu chuoni, walipokuwa wakisoma juzuu pamoja, na mlango wake unatazamana na wetu, kichochoro tu katikati. Sahani zimekivuka kichochoro hicho miaka yote, vibibi vya mchele na tui vikienda, tambi zikirudi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

Nilipofika kwenye jina, maana ndivyo tuyaitavyo maneno yaandikwayo chini ya leso, nikakuta limefutika kwa kufuliwa. Nikamwuliza lilikuwa likisemaje.

"Nimesahau hasa," akasema. "Lilikuwa na habari ya kukosa na kuambiana. Muulize Fadhiya. Kipande chake ki sandukuni, hajapata kukivaa."

Nikasema nitamwuliza. Kichochoro chenyewe, mtu akinyoosha mkono dirishani anampa mwenzake chumvi. Lakini mvua ilikuwa kali, rangi nilikuwa nimekwisha kuikoroga, na magoti yalikuwa yananiuma. Sikwenda.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeweka jina la kutunga mwenyewe: MLANGO SI WAKO, WACHUNGULIA NINI? Limekaa vizuri mno kwenye nafasi yake, kila herufi inapumua. Mwanaesha alipita na nazi mkononi, akalisoma, akacheka.

"Wamsema nani?"

"Simsemi mtu. Naandika tu."

Akaenda kukuna nazi yake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Watu walitoka makanisani na nguo zao nzuri wakaja kupunga upepo. Kabla ya adhuhuri palikuwa na kikundi mbele ya picha ya Mwanaesha, wanasoma, wanacheka, wanaitana, wanaipiga picha kwa simu na kuituma. Kasyoka alinitazama kwa jicho la "si nilikwambia".

Aliyeinunua anaitwa Beryl, anafanya kazi kwenye ofisi za bandarini na anakaa ghorofani huko Ganjoni. Hakuomba nimpunguzie. "Nina jirani mmoja," alisema, "hii picha itamwangalia kila akipita mlangoni kwangu." Akaikumbatia akaondoka nayo. Nilinunua halwa nikampelekea Mwanaesha. Nimefurahi hata naona haya kuandika nilivyofurahi.

Jumatano, 23 Aprili

Simu haitulii. Mmoja anataka leso ya samawati kwa ajili ya mke mwenza. Mwingine anataka ya manjano kwa ajili ya wifi yake, na jina atalituma mwenyewe akishalifikiria vizuri. Kumbe mji huu ulikuwa umefunga midomo ukinisubiri mimi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeuza kila nilicholeta. Tony, kijana anayesimamia maonyesho, amenihamisha kutoka karibu na vyoo akaniweka mbele, watu wanapoingilia. Jaffar alipita na watoto wake, akatazama, akasema mashallah, duka litangoja. Hata hilo alilisema kwa wema.

Alhamisi, 1 Mei

Mwanaesha alimpelekea Fadhiya vibibi asubuhi. Adhuhuri sahani ikarudi. Imeoshwa, imepanguswa, na haina kitu.

"Labda ana haraka," nikasema.

Mwanaesha aliigeuza sahani chini juu, kama kwamba kilichokosekana kingekuwa upande wa pili.

Jumamosi, 3 Mei

Sasa tunajua. Alasiri Mwanaesha alivaa buibui lake, akavuka, akabisha. Mimi nilikuwa dirishani nikijifanya nasafisha brashi. Alipiga hodi mara nyingi kuliko inavyofaa kwa nyumba anayoingia siku zote bila ya hodi. Hatimaye sauti ya Fadhiya ikatoka nyuma ya mlango, na mlango wenyewe haukufunguka.

"Nani?"

"Mimi, Fadhiya. Nani mwengine?"

"Alaa! Nenda zako mwanangwa. Mlango si wako."

Basi. Mwanaesha alibaki amesimama mvua ikimdondokea kutoka barazani juu, kisha akarudi, akapanda ngazi polepole, akasimama mbele yangu.

Chanzo ni simu. Mpwawe Fadhiya alitumiwa ile picha siku ya Pasaka, akamwonyesha shangazi yake. Fadhiya aliitambua leso kabla ya kuutambua mgongo. Mtaa mzima unaijua korosho ile na doti ile na nani ana kipande cha pili. Na mtaa mzima unajua mlango unaotazamana na wetu ni wa nani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuja kumpa pole. Mwanaesha ameyapata yote haya kwa muuza maziwa aliyemkuta chini ya ngazi, na kwamba ndiye wa mwisho kuyajua ndilo lililomuuma zaidi.

"Hukuandika tu," akaniambia. "Ulinivisha. Umenivisha tusi mgongoni ukanisimamisha baharini watu waje wanisome."

"Nilitunga kwa ajili ya herufi, Mwanaesha. Wallahi sikumfikiria Fadhiya."

"Ndiyo. Hukumfikiria. Nilikwambia umuulize."

Nikasema kulikuwa na mvua. Nililisema, nikalisikia lilivyo dogo. Hakupiga kelele, angepiga ningejitetea. Alikaa kitandani akaivua ile leso mabegani, akaikunja, akaiweka kabatini chini kabisa. Nimekaa chumba cha mbele na brashi zangu, na kesho nina picha za kuuza.

Jumapili, 4 Mei

Siku bora kuliko zote. Nimeuza mpaka ule ubao wa kujaribia rangi, nilioandika ovyo UKIONA VYAELEA. Sikumwambia Mwanaesha, naye hakuuliza.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimevuka. Nilipiga hodi, Fadhiya akanifungulia bila ya kusita, akanikaribisha, akanitilia kahawa na kashata. Aliniuliza afya, akaniuliza magoti. Sijawahi kuogopa heshima namna hiyo.

"Shemegi, mimi sina neno," akasema.

"Bi Fadhiya, lile jina nililitunga mimi. Mwanaesha hajui lolote. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

"Shemegi, wewe ni mwanamume, utasameheka. Nikuulize. Mwanamke akipita na leso ina neno, watu huuliza nani kaiandika? Wamuuliza mshonaji, wamuuliza Mhindi wa dukani?"

"La."

"Basi. Neno ni la aliyevaa. Ile leso ni yetu sisi wawili, na mgongo ni wake. Na kama hakutaka, mbona alikuona ukiandika akanyamaza?"

Hakunyamaza, alicheka, lakini nani angemwambia Fadhiya kwamba alicheka? Nilimaliza kahawa. Akanisindikiza hadi mlangoni, akanitakia biashara njema. Mvua ilikuwa imesita, na wanawake wa kichochoro walikuwa kila mmoja na jambo la kufanya kizingitini kwake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Ganjoni kwa Beryl na kikopo cha rangi nyekundu, nimwombe anipe ruhusa nilifute jina. Ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Picha ameitundika mkabala na mlango, kama alivyoahidi.

"Nitakuandikia jingine, mama. Zuri zaidi. Bila malipo."

"Mzee, nisamehe," akasema. "Mimi nilinunua maneno. Huyo mwanamke alikuja tu na maneno." Kisha akaona uso wangu, akanipa maji ya kunywa. "Na imefanya kazi! Yule jirani siku hizi anapita haraka."

Nilishuka na kikopo changu. Mwanaesha wangu atabaki Ganjoni anamtukana mtu asiyemjua.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama. Maua, keki, watoto. Nilidhani leo watataka maneno matamu, nikaandika mawili matatu. Hayakuguswa. Yaliyouzwa ni ya wakwe.

Jumatano, 14 Mei

Fadhiya amepita kichochoroni kwenda sokoni na kurudi, tena akaenda akarudi, na leso mpya juu ya buibui: NILIDHANI CHUMA, KUMBE BATI. Huko sokoni hakununua kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Mwanaesha ametoka mtaa wa Biashara na leso yake: KIVULI CHAKO CHAKUTISHA, MIMI NINA HATIA GANI? Ameianika dirishani, nayo ilikuwa kavu.

Nilimwambia, "Si ulikuwa huna kosa?"

"Nilikuwa sina," akasema. "Sasa ninalo. Angeniuliza, Sabir. Miaka yote ile, mtu huulizi?"

Nimewaona wanawake hawa wakizikana mama zao, wakilea watoto kwa zamu, wakila sinia moja. Nilidhani urafiki wao ni wa mawe ya matumbawe kama nyumba zetu. Leo nimeona ni wa kitambaa, na mimi ndiye niliyeushika mkasi.

Jumanne, 20 Mei

Mwanaesha bado anapika chakula cha watu watatu. Sehemu ya tatu hakuna anayeitaja. Anaipakua, anaifunika, na baadaye naila mimi. Suruali zimeanza kunibana.

Jumapili, 25 Mei

Maonyesho yameahirishwa, barabara imejaa maji. Nashukuru. Nimelala mchana kutwa na kikohozi, nikisikia matone kwenye ndoo ya ngazini. Simu imelia, nimeiacha ilie. Ni yule wa mke mwenza, anataka ya pili, kali zaidi.

Ijumaa, 30 Mei

Kikohozi. Jaffar ameleta asali.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Kila mwaka biriani ya Idd hii hupikwa uani kwetu, sufuria moja kubwa, Fadhiya kwenye mchele na Mwanaesha kwenye nyama, wakigombania chumvi mpaka mimi nakimbilia msikitini mapema. Leo palikuwa na moshi huku na moshi kule. Nilimkuta Mwanaesha amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kitunguu kimoja mkononi, machozi yanamtiririka.

"Kitunguu kikali," akasema.

Kitunguu chenyewe kilikuwa hakijamenywa. Nilikaa chini karibu yake kwenye sakafu, na kanzu yangu ya Idd. Nampenda mke wangu. Nimeandika kwenye vibao vya mji mzima na sijapata kuliandika hilo popote.

Wali ulikosa chumvi. Tukaula hivyo hivyo, kila mtu akasema mzuri.

Jumapili, 8 Juni

Nimewapigia wote waliotoa oda nikawaambia basi. Kisha nikapeleka Mama Ngina picha za leso zisizo na jina: mji, yaani pale katikati, pindo, rangi zote, na pale pa maneno peupe. Watu walisimama, wakatafuta kitu cha kusoma, wakaondoka.

"Mzee, umesahau kuandika?" akauliza Kasyoka.

"Sikusahau."

"Umepata ng'ombe wa maziwa, unamchinja mwenyewe?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akipaka rangi ya viatu kwenye twiga aliyekwaruzika. Nilingoja anicheke. "Kwetu," akasema mwishowe, "mtu akitukanwa hadharani, hasuluhishwi jikoni." Akaendelea na twiga wake. Nimelifikiria neno hilo njia nzima.

Jumapili, 15 Juni

Sikuuza. Tony amenirudisha karibu na vyoo. Aliomba radhi, nikamwambia pale napajua, watu hawakosi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemaliza picha kubwa, juu ya ubao nilioutunza tangu enzi za vibao. Wanawake wawili wamesimama dirishani, wamenipa mgongo, kila mmoja na kipande chake cha doti ya korosho. Cha wa kushoto kimechakaa, cha wa kulia ni kipya. Pa maneno pamebaki peupe kwa wote wawili, kwa sababu bado siyajui. Juzi nilivuka kuuliza. Hodi zangu hazikuitikiwa, na redio ilikuwa inalia ndani.

Mwanaesha ameitazama picha. Aligusa bega la yule wa kulia kwa kidole, akaondoka na rangi kwenye kidole.

Jumapili, 22 Juni

Nataka kuyaandika haya kabla sijachoka zaidi.

Kulikuwa na manyunyu, si mvua. Niliitundika picha ya wanawake wawili mbele kabisa ya vitu vyangu, hapo karibu na vyoo. Wasichana wawili watatu waliipiga picha kwa simu, mmoja wao nikamfahamu baadaye: mpwawe Fadhiya. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nawaza kesho nimpigie Jaffar simu nimwambie sawa, nisingoje hata mwisho wa mwezi. Adhuhuri ikapita. Watu wakala, wakanunua achari, wakarudi makwao.

Alasiri Kasyoka akanigusa bega. "Mzee. Kuna mama anakutafuta, na ana hasira, au ni uso wake tu."

Fadhiya hajapata kukanyaga maonyesho. Alikuja peke yake, buibui limelowa pindo, mkoba chini ya kwapa. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya picha akaitazama sana. Watu waliokuwa wakipita kwenda vyooni wakaanza kupunguza mwendo.

"Huyu wa kulia ni mimi?"

"Ni wewe, Bi Fadhiya."

"Mbona hukuandika kitu?"

"Sikijui kilichoandikwa. Nilikuja kukuuliza."

"Nilikusikia," akasema. "Umechelewa kuuliza, shemegi."

"Nimechelewa sana," nikasema.

Akafungua mkoba. Akaitoa leso yake, bado ina mkunjo wa dukani, nyekundu mbichi kana kwamba korosho zimechumwa leo, inanukia udi wa sandukuni. Hapo hapo mbele za watu akaitandaza mabegani juu ya buibui, akanipa mgongo, akatazama bahari.

"Haya," akasema. "Soma. Kisha andika kama ilivyo, usinitungie."

Nikavaa miwani. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja: NIKIKOSA NAMBIA, USIMWAMBIE JIRANI.

Nilichukua brashi nyembamba. Manyunyu yakazidi, na Kasyoka, bila ya kuambiwa, akaacha vinyago vyake akaja akanishikia turubai juu ya ubao, mikono yake yote miwili juu, wateja wake wakimwita naye hawajibu. Nikaandika kwa wa kushoto, nikaandika kwa wa kulia. Mkono haukutikisika. Kwa muda ule nilikuwa tena mwandika vibao, na nilikuwa mzuri.

Nilipomaliza Fadhiya aligeuka, akasoma maneno yake kwenye ubao mara mbili.

"Tulilichagua sisi wenyewe jina hili," akasema. "Duka zima tulipekua. Tukaapiana. Na mimi lilipofika la kunifika, sikumwambia. Niliwaambia majirani." Akaivua leso, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile. "Mwambie aje. Au usimwambie kitu, mwonyeshe tu. Anajua kusoma."

Nikamtafutia tuk-tuk. Alipokwisha kupanda akatoa kichwa nje. "Na ule mgongo wangu, shemegi. Si mnene hivyo."

Jumatatu, 23 Juni

Mwanaesha alisoma. Alikwenda kabatini, akaitoa leso iliyochakaa kutoka chini kabisa, akajitanda, akavuka. Safari hii hakupiga hodi.

Walipigiana kelele hadi magharibi. Wakalia. Wakatajana mambo ya tangu chuoni, na mengine yananihusu mimi na sikupenda kuyasikia. Kisha harufu ya vitunguu ikavuka kichochoro.

Jumapili, 29 Juni

Maonyesho yangu ya mwisho. Jua limetoka, watu wamejaa, na nilikuwa na picha moja nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na jina lake la kweli chini. Hakuna aliyeinunua. Wanaisoma, wanasema "kweli kabisa", wanakwenda kula viazi. Mama mmoja aliniuliza kama ninayo ile ya mlango.

Sikuhuzunika nilivyodhani. Nimechoka tu. Nilimpa Kasyoka turubai yangu, naye akanipa twiga mwenye mkwaruzo. Nikampigia Jaffar, nikamwambia kesho kutwa. Alisema, "Karibu sana, shemegi," na nilijua kwamba ni kweli nakaribishwa.

Ijumaa, 4 Julai

Dukani si kubaya. Misumari haivimbi kwa mvua. Leo mteja mmoja aliuliza nani ameandika bei kwenye makopo ya rangi kwa herufi nzuri vile.

Nyumbani kuna ugomvi mpya: picha ikae kwa nani. Mwanaesha anasema mume ni wake. Fadhiya anasema maneno yalitoka sandukuni kwake. Wamekubaliana iwe kwa zamu, mwezi huku, mwezi kule, na mchukuzi ni mimi. Zamu ya kwanza ni ya Fadhiya. Nimerudi kutoka dukani, hata viatu sijavua, nikaambiwa niibebe, na sahani ya vibibi juu yake.

Nje mvua ilikuwa inanyesha na magoti yalikuwa yananiuma. Nikaifunika picha kwa koti langu, nikavuka. Nilikuwa nimekwisha kufika kabla koti halijalowa.